Nilivyoufuata Mkate wa Bi Mavluda hadi Samarkand

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Laurel, Maryland, ananiuliza swali lile lile: ni kweli ulipanda ndege ukaenda Asia kuchukua mkate? Ni kweli. Nimeshasimulia harusini, nimesimulia kwenye maegesho ya magari, na kwenye kundi letu la simu habari imeshaota pembe na mkia. Wapo wanaosema nilikwenda kuolewa. Basi nimeona nikae chini niandike mara moja tu. Asiyeamini aje nyumbani nimkaribishe chai, ila asinune nikimmiminia kidogo. Sababu yake iko mbele.

College Park, sebuleni

Kwa wasionijua, mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Tabora, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kwa muda mrefu sasa ninamtunza Bi Mavluda, mama wa Kiuzbeki kutoka Samarkand, anayeishi College Park na mwanawe wa pekee, Rustam. Moyo wake umechoka. Anapumua kwa msaada wa mpira mwembamba wa oksijeni unaopita chini ya pua, na daktari ameshasema ndege asizione hata kwenye ndoto.

Kiingereza chake ni cha kuokoteza, lakini tunaelewana. Tuna maneno tunayochangia bila kupanga: chai, kitabu, sanduku, dua. Mengine tunamalizia kwa mikono na macho.

Majira ya baridi yaliyopita Bi Mavluda aliacha kula. Nilipika supu, nikapika wali, nikasonga hata ugali kwa kukata tamaa. Akawa anaonja kijiko na kusukuma sahani. Siku moja nikamuuliza kwa ukali kidogo, kama ninavyomsemesha mama yangu: "Sasa wewe unataka nini?"

Akasema: "Mkate wangu."

Ndipo akanieleza. Kwao mtu anapoondoka kwenda mbali, huletewa mkate mzima wa duara, akaung'ata mara moja tu. Mkate ule hutundikwa ukutani na kungoja. Siku akirudi, anaumalizia. Yeye alipoondoka kumfuata Rustam Amerika aliung'ata wa kwake, na mdogo wake, Zamira, akautundika sebuleni. Mpaka leo uko pale.

"Mimi sirudi," alisema. "Kwa hiyo mkate uje. Nisife nikiwa nusu huku, nusu kule."

Rustam, ambaye ni mhandisi na hana muda na mambo ya mikate ya ukutani, alikuwa ameshajaribu. Alimpigia mama yake mdogo simu akaomba autume kwa posta. Zamira akakata simu bila kusema neno. Rustam akaona yameisha. Na kwenda mwenyewe hakuweza, maana hakutaka kulala mbali na mama yake hata siku moja.

Mimi mtu akiniambia haiwezekani, ndipo miguu inapopata nguvu. Nikasema nitakwenda.

Bi Mavluda alinishika mkono. "Lakini hili," akagusa mpira wa puani, "Zamira asijue. Mwambie nina afya." Tangu awekewe mpira ule alikuwa hataki mdogo wake amwone kwenye simu. Salamu zote alizipitisha kwa Rustam. Nikaahidi.

Rafiki yangu Wanjiku, nesi wa Nyeri anayeishi Takoma Park, ndiye aliyekubali kunishikia zamu zangu. Lakini kwanza alinisema vizuri, tukiwa ndani ya gari lake.

"Zuhura, uko serious? Hiyo leave si umekuwa ukisave ndio uende Tabora uone mathe?"

"Ndiyo."

"Sasa unaimaliza yote juu ya mkate? Mkate si iko tele hapa Laurel?"

"Huu si wa kula tu, Wanjiku."

"Na mkate kama si ya kula ni ya kufanya nini?"

Niliposhuka nilimpigia mama yangu Tabora, roho mkononi, maana nilikuwa nimemwambia mwaka huu nakuja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo bibi ananizidi umri?" akauliza.

"Anakuzidi, Mama."

"Basi mtangulize yeye. Mimi nipo. Mguu unanisumbua, lakini meno bado ninayo." Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakata simu nikalia kidogo.

Habari za viza na tiketi naziruka. Anayezitaka aniulize pembeni.

Dulles hadi Istanbul

Wanjiku alinifikisha uwanja wa Dulles akanipakatisha mfuko wa mandazi. Alisema huko niendako hajui wanakula nini. Nilikuwa na begi dogo na sanduku moja la zawadi, na ndani ya mkoba wangu nilikuwa nimekunja taulo safi la kufungia mkate. Nilishajiona narudi nao kabla sijaondoka.

Istanbul tulikwama. Ndege ya Tashkent ilicheleweshwa, ikacheleweshwa tena, kisha wakaacha kutuambia. Watu wakaanza kutandika makoti sakafuni. Pembeni yangu alikaa baba mmoja Mkongo wa Lubumbashi aliyenisikia nikinong'ona kwa Kiswahili na simu yangu.

"Mama, unatoka wapi?" akauliza.

"Tanzania. Lakini naishi Amerika."

"Na sasa unaenda wapi?"

"Samarkand."

"Samarkand iko mu pays gani?" Nilipomweleza akatikisa kichwa. "Mie naenda Chine kununua pièces za motokari. Kila mwaka ninapita hapa. Na weye unaenda kununua nini?"

"Naenda kuchukua mkate."

Alinitazama, kisha akatazama mandazi yangu kana kwamba ndiyo yangemfafanulia. Nikampa mawili. Alipomaliza akasema kwa heshima kabisa: "Mama, mie nimebeba vitu vingi mu maisha, lakini ile hapana. Mungu akusaidie."

Tuliagana yeye akikimbilia mlango wake, nami nikabaki kungoja. Kuna abiria waliotaka kurudi walikotoka. Mimi nilikwenda kaunta kila walipobadilisha mhudumu, nikauliza upya, kwa tabasamu, mpaka wakanijua kwa jina. Ndege ilipopatikana nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Tashkent hadi Samarkand

Kutoka Tashkent ni treni, na ni treni ya maana: safi, ya haraka, na chai inakufuata kitini. Nje nchi imenyooka, mashamba ya pamba hayajaota, mistari ya miti myembamba, na milima mbali ikiwa na theluji kichwani.

Mbele yangu alikaa mama mwenye kilemba cha maua, na mjukuu wake wa kike amelala mapajani. Hatukuwa na lugha. Nilimsalimu "Assalamu alaykum," akaitikia, akaweka mkono kifuani. Baada ya hapo tulikuwa ndugu. Alitoa mkate kwenye mfuko, mkate mzito wa duara unaong'aa kama umepakwa mafuta, katikati una nakshi ya matundu, ufuta juu. Akaumega kwa mikono, akanipa kipande. Nilikula nusu, nusu nikaiweka mezani, uso wake chini.

Yule mama akanyoosha mkono taratibu akaigeuza, uso juu. Wala hakunikaripia. Mjukuu alipoamka akaniona, akanong'ona kitu, bibi akacheka, na simu ikatolewa tupigwe picha. Kisha behewa zima likapanga foleni. Weusi wangu ulikuwa sinema ya bure, na nilikuwa nimechoka, lakini walivyoniomba kwa adabu, mkono kifuani, sikuweza kununa. Nafikiri sasa nipo kwenye simu za nusu ya wilaya ile.

Kituoni Samarkand alinipokea Nigora, binti yake Zamira. Anafundisha Kiingereza shuleni, na siku zote nilizokaa kule ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Aliniita "opa", yaani dada mkubwa, na kabla sijafungua kinywa sanduku langu lilikuwa mkononi mwake.

Nyumbani kwa Zamira

Nyumba yao ina ua katikati, na juu ya ua kuna mzabibu uliotambaa kwenye vyuma. Zamira alikuwa amesimama mlangoni. Nilishtuka. Alikuwa Bi Mavluda mtupu, ila mnene na mwenye mashavu mekundu. Alinikumbatia, akanishika uso, akanitazama machoni muda mrefu kama anayetafuta kitu.

Na ukutani, juu ya kabati la vyombo, niliuona. Mkate wa duara, rangi yake imekuwa ya kahawia iliyoiva, umefungwa utepe mwekundu kwenye msumari. Ubavuni una pengo la meno. Nilitamani niuondoe pale pale nikakimbie nao.

Tuliketi kwenye magodoro kuzunguka meza fupi. Mezani hapakuwa na nafasi ya kuweka kidole: zabibu kavu, lozi, pipi, jamu ya mafyulisi, mikate, na sahani kubwa ya wali wao wa karoti na nyama ambao pilau yetu ingeuita dada. Kisha Zamira akachukua birika akanimiminia chai kwenye kibakuli kisicho na mkono.

Alimimina kidogo. Kidogo kweli, ya kulowanisha ulimi. Nikanywa mara moja ikaisha. Akamimina tena, kiasi kile kile. Ikaisha. Akamimina tena.

Jamani, mimi ni wa Tabora. Kwetu mgeni akimiminiwa robo kikombe anajua amefika siku mbaya. Nikasema moyoni, hawa watu meza imejaa, ila chai ndiyo wananipimia? Au sukari imepanda bei siku niliyofika mimi? Nikaona nimwonyeshe Zamira ukarimu unavyofanywa. Nikajitolea kwa furaha, nikachukua birika kutoka mbele yake, nikajaza kibakuli chake mpaka chai ikakaribia kumwagika, nikamsogezea kwa mikono miwili.

Nigora akaangalia kitambaa cha meza. Zamira alikitazama kile kibakuli, kisha mimi, kisha akakisogeza pembeni bila kukigusa.

Nikaona ni vyema nibadilishe mazungumzo. Nikasema nilichotumwa: "Bi Mavluda anakusalimu sana. Hajambo kabisa, ana afya nzuri. Ameukumbuka tu mkate wake, akaniomba nije niuchukue."

Nigora alitafsiri. Zamira alipauka uso. Alisimama, akaufikia ule mkate, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayegusa paji la mgonjwa. Akasema neno moja, akaingia chumba cha pili akafunga mlango.

"Amesema hapana," alisema Nigora. "Samahani, opa. Mama amechoka."

Kuuzunguka mji

Kesho yake asubuhi nilimwomba tena. Hapana. Jioni nikamwomba. Hapana. Hakunifukuza, hakupandisha sauti. Alinilisha kama mtoto, usiku akanifunika shuka la pili. Lakini mkate hautoki. Siku iliyofuata Nigora alinitoa nje nikaone mji, nadhani ili mama yake apumue, nami nikakubali huku nikipanga namna ya kuomba mara ya nne.

Mnataka habari za Registani, kwa sababu ndizo picha pekee nilizoweka kwenye kundi. Ni uwanja mkubwa, na pande tatu zimesimama madrasa za kale, milango yake mirefu mpaka shingo inauma, kuta zote za vigae vya buluu, vya kijani na vya dhahabu. Kuna lango moja limechorwa mnyama mfano wa chui akikimbia, mgongoni kabeba jua, na jua lenyewe lina uso wa mtu. Nilisimama pale nikasahau mkate, nakiri, kwa muda wa kutosha mabibi harusi watatu kupita na wapiga picha wao. Wawili wakaniomba niingie kwenye picha. Niliingia.

Tulikaa kwenye ngazi, na Nigora akanieleza habari ya chai, akizungukazunguka kwa aibu.

"Opa, kwetu mgeni tunayempenda tunammiminia kidogo, ili kila mara aombe tena na sisi tupate kumhudumia tena. Kidogo ndiyo heshima."

"Na ukijaza?"

"Ukijaza unamwambia anywe aende zake."

Nilijifunika uso kwa mtandio. Yaani nimetoka Maryland, nimefika nyumbani kwa mtu, nikamwambia aondoke kwake, kisha nikamwomba mkate. Nigora alijaribu kujizuia, akashindwa, tukacheka mpaka walinzi wakatutazama. Nilifikiri basi, tatizo ni hilo tu, nitaomba radhi na mkate nitapewa.

Tulipitia soko la Siyob, ambako wauza mikate wamejipanga na vigari vyao na kila mmoja anakuita uguse wake kwanza. Nilionja mpaka nikashiba. Kutoka hapo tulipanda Shohi Zinda, kichochoro cha makaburi ya kale kilimani, kuta zake za buluu zimekaribiana hadi mbingu inaonekana kama kipande cha kitambaa kilichokatwa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye benchi la mawe, mzee mmoja anawasomea, wakainua mikono. Tukakaa nao, nikainua yangu, nikamwombea Bi Mavluda pumzi.

Walipomaliza, Nigora alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Opa, hapa ni mahali pa kusema kweli. Mama yangu mkubwa alikufa lini?"

"Nani?"

"Mama mkubwa Mavluda. Miezi mingi hatujaona uso wake. Rustam anasema salamu, salamu tu. Akaomba mkate kwa posta. Sasa umekuja wewe, umeleta zawadi, unasema ana afya nzuri kabisa, unataka mkate. Kwetu mkate haushuki ukutani mwenyewe akiwa hai, mpaka arudi. Unashushwa akifa."

Kilichonichoma ni kwamba ningepaswa kujua. Sisi si ndivyo tunavyofanya? Mtu wetu akifiwa akiwa mbali, tunampigia simu: mama anaumwa kidogo, njoo, si kitu kikubwa. Tunatuma jirani, jirani anazungumzia mvua. Na anayepigiwa anajua kwa sababu umesema si kitu kikubwa. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya Zamira na tabasamu langu la Kitanzania, nikatangaza msiba kwa ufasaha kabisa bila kutamka neno hilo. Na yeye alikuwa ananifunika shuka la pili kwa sababu alidhani mimi ndiye niliyemwosha dada yake.

"Hajafa," nilisema. "Wallahi hajafa. Ni mgonjwa, Nigora. Anapumulia mpira. Aliniapisha nisiseme."

Nigora alijifuta macho. Niliona hajaniamini. Ningeamini mimi?

Simu

Nilikata shauri tukiwa njiani kurudi. Ahadi yangu kwa Bi Mavluda ilikuwa njema, lakini ilikuwa inamwua mbele ya mdogo wake, na ilikuwa inauzuia mkate. Samarkand ilikuwa jioni, Maryland asubuhi, na Wanjiku alikuwa zamu. Nilimpigia kwa video, nikaishika simu mwenyewe ili asione mwingine.

"Wanjiku, Bi Mavluda ameamka?"

"Ameamka, amenikataa na uji. Kwani kuna nini? Uko sawa?"

"Mpelekee simu. Usimwambie kitu."

"Zuhura, huyu mama ataniua."

"Ataniua mimi. Peleka."

Zamira alikuwa uani akichambua mchele. Nikapiga magoti mbele yake, nikaigeuza simu. Kwenye kioo alionekana Bi Mavluda kitandani, nywele hazijafungwa, mpira puani, akimtazama Wanjiku kwa hasira. Kisha akatazama kioo.

Sinia la mchele lilianguka. Zamira alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Aliishika simu kwa mikono yote miwili, akaibusu, na Bi Mavluda kule College Park akaanza kufoka. Alifoka! Sikuelewa neno ila jina langu, lililotajwa mara nyingi na halikutajwa kwa wema. Zamira naye akajibu kwa kufoka huku analia. Walifokeana wale dada wawili mpaka Bi Mavluda akaishiwa pumzi, na Wanjiku akaingia kwenye kioo.

"Haya sasa, wacheni kidogo. Apumue kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha Nyeri, na ajabu ni kwamba wote wawili walimtii.

Alipopata pumzi Bi Mavluda alisema taratibu. Nigora alinitafsiria sikioni: "Anasema, sikutaka unione nikiwa hivi. Mama anasema, nilishakuzika, mjinga wewe, nimekulilia peke yangu miezi yote. Anasema, basi nipe mkate wangu nile nikiwa na meno ya kuazima, kabla hata hayo hayajatoka."

Zamira akacheka katikati ya kilio. Akainuka, akaingia ndani na simu mkononi ili dada yake aone, akafungua utepe mwekundu, akaushusha mkate. Aliubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akaniwekea mikononi. Ulikuwa mzito na mgumu kama ubao.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe msumari ulikuwa umebaki mtupu, na hilo kwa Zamira halikuwezekana. Siku ya kuondoka alileta mkate mpya, bado una joto la tanuri, akausogeza mdomoni mwangu. Nigora hakuhitaji kutafsiri. Niliung'ata. Akaufunga utepe ule ule, akautundika. Kwa hiyo jueni, nina mkate unaningoja Samarkand, na una pengo la meno yangu.

Kurudi

Nilimfunga Bi Mavluda wangu, maana mkate sasa niliuita hivyo, kwenye taulo, nikauweka mkobani, na mkoba sikuuachia hata chooni. Kwenye ukaguzi wa Tashkent afisa aliniambia nifungue. Aliponiona nafunua taulo alitazama pengo la meno, akatazama utepe. Uso wake wote ukabadilika. Aliushika kwa mikono miwili, akauliza kitu, nikamjibu neno moja: "Amerika." Akaufunga tena mwenyewe, vizuri kuliko nilivyoufunga mimi, akaweka mkono kifuani. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakanipisha mbele.

Istanbul tulichelewa tena. Sikununa. Nililala nimeukumbatia mkoba.

Dulles nilitaja mkate nilipoulizwa kama nina chakula. Afisa, kijana mpole tu, aliugeuzageuza.

"Huu umeshang'atwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Hapana. Na mwenyewe. Anaungoja College Park."

Aliugonga na kidole, ukalia ko ko. Alimwita mwenzake, mwenzake akaugonga pia. Nikasimama pale sikubanduka, nikaeleza tangu mwanzo, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza dawa za mgonjwa. Nilikuwa tayari kueleza mpaka kesho. Mwishowe akaniambia niende, mkate si tatizo.

College Park, sebuleni tena

Rustam alinifungulia mlango. Wanjiku alikuwa ndani, amevaa koti tayari kuondoka, lakini akavua. Bi Mavluda alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amefunga kilemba safi. Alinitazama kwanza kwa ukali. "Mwongo," alisema. Kisha akafungua mikono.

Niliufunua mkate nikamwekea mapajani. Alipitisha kidole kwenye pengo, taratibu, akaliinua hadi mdomoni akajaribu kupachika meno yake pale. Hayakutosha. Meno yaliyong'ata mkate ule hayapo tena, ya sasa ni ya kutengeneza. Akacheka mpaka mpira ukahama puani nikaurudisha.

Aliniambia niunyunyizie maji na kuuweka kwenye oveni, na nyumba nzima ikanukia ufuta na tanuri. Ulilainika. Sikuamini, lakini ulilainika. Akaumega, akaulowanisha kwenye chai, akala. Rustam, yule asiye na muda na mikate ya ukutani, alisimama mlango wa jikoni akilia waziwazi. Mama yake hakumpa hata punje. Haukuwa wake.

Aliula kidogo kidogo kila siku, na baada ya mkate akaanza kukubali supu pia. Jana amemaliza kipande cha mwisho. Alikusanya chembe kwenye kiganja, akazitia mdomoni, akasema kwa Kiswahili nilichomfundisha: "Basi."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, na kibakuli changu kilikuwa kitupu. Aliliomba birika. Nikataka kumsaidia, akanisukuma. Akaanza kumimina. Nikangoja aishie pale anapoishia siku zote, kidogo, ya kulowanisha ulimi. Hakuacha. Chai ilipanda, ikafika ukingoni, ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Nikamtazama.

"Sasa wewe," alisema. "Tabora. Mama."

"Na Samarkand? Nina mkate kule."

"Mkate unangoja. Mkate hauna mguu unaouma." Wanjiku ndiye alikuwa amemwambia habari za mguu, bila shaka.

Nikataka kusema leave imeisha, nikataka kusema labda mwaka ujao. Alikisogeza kibakuli mbele yangu kwa mikono miwili, kama nilivyomsogezea mdogo wake. Nilikipokea, kinaniunguza vidole, nikainywa chai yote.